Betri nzima, stata nzima, gari haliwaki Limuru

Mchawi nimempata. Ni waya wa hasi, ule utokao kwenye betri kwenda kwenye enjini. Si betri, wala si "gari la pwani haliwezi baridi" kama anavyonicheka shemeji yangu kila nikipanda kwao Limuru.

Hapa Malindi gari hili lawaka mara moja, hata likilala siku kadhaa. Limuru mwezi wa Julai, alfajiri, hewa ikiwa digrii 10 hivi, nageuza ufunguo nasikia ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia, basi. Jua likishapasha boneti, linawaka kama halikufanya lolote. Kila fundi alisema ninunue betri. Nikafunga ya jamaa yangu, mpya kabisa, nikapanda nayo. Ta-ta-ta-ta ile ile!

Yangu nayo ilikuwa na volti 12.6 ikiwa imepumzika, na haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, ilisoma sawa seli zote sita. (Haidromita sibadilishi na kifaa chochote. Seli moja ikichoka utaiona hapo hapo, wakati volti bado zakupa matumaini. Ubaya ni kwamba betri nyingi za siku hizi zimezibwa juu.)

Ikabaki njia ya umeme. Na waya huu ukiupima ohm, yaani ukinzani wake, mita itakuambia 0 ulale usingizi, kwa sababu nyuzi chache za shaba zilizo hai zaitosha mita. Stata haitaki nyuzi chache, yataka ampia mia na zaidi. Lazima uupime mzigo ukiwa juu yake, yaani stata ikivuta. Nikang'oa fyuzi ya pampu ya mafuta ili enjini isiwake, kijana wangu akashika ufunguo. Ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi yenyewe, si kwenye kibano cha waya. Ya pili kwenye bloku ya enjini. "Piga!" Volti 1.1 zinaliwa njiani. Zisizidi 0.2! Upande wa chanya ulikuwa 0.25, hauna neno.

Hapo ndipo habari ya Limuru ilipoeleweka. Kwenye baridi betri yatoa nguvu kidogo, na oili ya 20W-50 ninayotumia hapa inakuwa nzito, kwa hiyo stata yavuta ampia nyingi zaidi. Ampia zikipanda, volti zinazoliwa na waya mbovu nazo zapanda. Selenoidi, swichi ya sumaku inayoipelekea stata umeme, inakosa nguvu ya kushika, inaachia, inashika tena. Ndiyo ile ta-ta-ta. Joto la Malindi lilikuwa likiuficha ugonjwa tu.

Nikauchana ule waya kwa kisu. Nje plastiki safi, kibano kinang'aa kwa magadi na maji ya moto niliyokuwa nikikioshea. Ndani, kuanzia kwenye kichwa cha waya (kile kipande kilichobanwa kwenye ncha yake) hadi karibu shubiri nzima, shaba imekuwa nyeusi na unga wa kijani unanimwagikia vidoleni. Chumvi ya upepo wa kusi imeingilia kichwani ikapanda ndani taratibu.

Nimeweka waya wa mashine ya kuchomelea, vichwa vimebanwa kwa presi ya haidroliki. Hii ya kubana kwa nyundo na patasi tuiache jamani, inaacha nafasi ndani na chumvi haihitaji karibu. Mita sasa yasoma 0.08. Juzi Limuru, vioo vimejaa ukungu, limewaka kabla shemeji hajamaliza kucheka.

Niliyopanga kufuatia ni kupima alteneta na umeme unaovuja usiku. Yangoje. Fundi mmoja wa boti amenionyesha waya wanaotumia baharini, kila uzi wa shaba umepakwa bati, na kipande chake cha miaka mingi tulipokichana kilikuwa cheupe mpaka ndani. Nataka waya zote za hasi ziwe hizo. Naanza na ule wa enjini kwenda bodi ya gari, wataka nusu mita.