Kuandaa kikundi cha Kampala kwa matumbawe ya Kisite

Wengi ninaowaongoza ni watu wa Kampala na Jinja ambao bahari hawajaiona. Tunakwenda Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, tunapanda jahazi hadi hifadhi ya Kisite-Mpunguti, na pale wanaelea juu ya matumbawe wakiwa na miwani ya kuzamia na mrija mdomoni. Safari hii huharibikia nyumbani. Mtu ambaye hajawahi kupumua kwa mdomo huku uso uko majini hatajifunzia kwenye mawimbi.

Kwa hiyo kazi kubwa naifanya Kampala, bwawani, vipindi vitatu vya saa moja moja. Ziwani siwapeleki: kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho, tena maji yake ni machafu mno kwa anayejifunza kuangalia chini. Kipindi cha kwanza ni pumzi tu. Mtu anasimama maji yakiwa kiunoni, anashika ukingo, anatumbukiza uso na kupumua polepole kwa dakika 5 bila kuinuka. Anayepumua harakaharaka kwa pumzi fupi huvuta tena ile hewa chafu iliyobaki ndani ya mrija, kifua kinambana, naye anadhani mrija umeziba. Dawa yake ni kutoa pumzi ndefu hadi mwisho kabla ya kuvuta nyingine. Mrija mrefu kuliko sentimeta 40 hivi siupokei, kwa sababu hiyohiyo.

Kipindi cha pili tunajaza mrija maji na kuyatoa kwa pumzi moja ya nguvu, kisha tunaingiza maji kwenye miwani: inua uso, bonyeza ukingo wa juu, toa pumzi kwa pua. Mapezi ya miguuni yanasubiri kipindi cha tatu, na teke litoke nyongani, si gotini.

Miwani naijaribu bila mkanda. Iweke usoni, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikishika bila kuanguka, inakufaa. Kinachovujisha mara nyingi ni nywele. Kina dada wenye rasta nawaomba wazifunge chini kisogoni, kwani hata uzi mmoja ukipita chini ya mpira maji yanaingia. Kukaza mkanda hakusaidii, kunaukunja mpira na kuzidisha uvujaji. Miwani mipya ina utando wa kiwandani, nao huleta ukungu hata ukitema mate namna gani. Isugue ndani kwa dawa ya meno mara mbili tatu kabla ya safari.

Tarehe naichagua kwa mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya pale hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na mkondo unakuwa mkali. Wakati wa maji mafu, yaani kama siku ya 8 hadi 10 au ya 23 hadi 25 tangu mwezi kuandama, tofauti ya kupanda na kushuka ni kama meta 1 tu, na maji hujaa karibu saa nne asubuhi. Mgeni anapata kina cha kutosha asiyapige matumbawe teke, na mkondo umelegea. Msimu mzuri ni wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, maji yakiwa maangavu. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inapovuma sipeleki wanaoanza.

Basi kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya saa 20, kwa hiyo lazima walale usiku mzima kabla ya kupanda chombo. Uchovu na tumbo tupu huleta kichefuchefu. Dawa yake inamezwa saa moja kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika, haikai tumboni.

Jahazini watu wanakaa chini, mbali na kamba ya tanga, kwa sababu tanga linapogeuzwa foromali, mti unaobeba tanga, inahamishwa na kamba hupiga. Wa kutapika aelekee upande upepo unakokwenda. Tukifika, tanga linatuliwa na chombo kinafungwa kwenye boya au nanga inatupwa penye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Nyuma naachia kamba ya meta 20 yenye boya mwishoni, ya kushika aliyechoka. Kiongozi mmoja, watu wanne, kila mmoja na jaketi okozi. Tunaanza kwa kwenda dhidi ya mkondo ili uturudishe chomboni tukiwa tumechoka. Kupumua kwa kasi na kisha kuzama nakataza kabisa: mtu huzimia chini bila dalili.

Shati la mikono mirefu na suruali ya kubana ni lazima, kwani jua huunguza mgongo na nyuma ya mapaja bila mtu kuhisi. Dakika 40 zinatosha. Mapezi yanavuliwa majini, mkono mmoja kwenye ngazi, halafu ndipo mtu anapanda. Nahodha anahesabu vichwa, nami nahesabu kwa majina. Hesabu zisipolingana, hakuna anayegusa nanga.

Jioni vifaa vyote vinasuuzwa kwa maji ya kisima na kukaushwa kivulini, kabla chumvi haijakauka kwenye mipira.