Tamasi si tamaa: mwizi mwenye tai mbele ya guna tatu

Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno tamasi katika falsafa ya Wahindu, upesi hulisoma kama tamaa. Hapo ndipo anapopotea. Tamasi kwa Kisanskriti ni giza: uzito, ajizi, uzembe, kutojali. Tamaa yetu, iliyotujia kutoka Kiarabu, makazi yake ni kwenye rajasi, yaani msukumo wa kutenda na kutaka. Kosa hilo si la lugha tu. Anayeutupa uhalifu wote gizani hatamtambua mwizi mwenye tai, yule mhalifu wa ofisini aliyevaa tai shingoni, hata wakikaa meza moja.

Sankhya, mojawapo ya falsafa kongwe za India, hufundisha kwamba maumbile yote yamesokotwa kwa guna tatu, na neno guna lenyewe lina maana ya uzi pia. Satwa ni nyepesi, huangaza. Rajasi husukuma. Tamasi huzuia na kufunika. Mfano wake wa kale ni taa: mafuta, utambi na moto havifanani, lakini mwanga ni kazi yao ya pamoja. Kwa hiyo hakuna mtu wa tamasi tupu. Kuna uzi uliozidi kwa wakati fulani.

Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 14, beti ya 12, inataja dalili za rajasi iliyozidi: uroho, pilikapilika, kuanzisha mambo, kutotulia, uchu. Ondoa uroho, na zinazobaki ni sifa za tangazo la kazi ya mkurugenzi. Ndiyo maana mhalifu wa ofisini hupandishwa cheo kwa tabia ileile itakayompeleka kizimbani.

Kisa cha Satyam, iliyokuwa kampuni ya kompyuta ya Hyderabad, kinaonyesha nyuzi zinavyopokezana. (Jina lake, kwa kejeli ya dunia, linatokana na neno la ukweli.) Januari 7, 2009, mwenyekiti wake Ramalinga Raju aliandika barua ya kukiri: rupia bilioni 50.4 zilizoandikwa kama fedha taslimu na za benki hazikuwapo. Faida ya robo mwaka iliyotangazwa kuwa bilioni 6.49 kumbe ilikuwa milioni 610. Alieleza kwamba pengo lilianza dogo, likakua mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa kama kumpanda simbamarara bila kujua namna ya kushuka bila kuliwa. Kuanza ni rajasi, lakini kushindwa kushuka ni tamasi. Desemba 2008 alijaribu kuziba pengo kwa kununua kampuni mbili za ukoo wake kwa dola bilioni 1.6, wanahisa wakapiga kelele, mpango ukafutwa mara moja. Aprili 2015 mahakama ilimhukumu miaka 7, kisha akaachiwa kwa dhamana akisubiri rufaa.

Mtu huyohuyo alianzisha huduma ya magari ya wagonjwa ya namba 108 mwaka 2005, na magari yale yaliokoa watu kweli. Sura ya 17 ya Gita huigawa hata sadaka katika guna tatu: inayotolewa kwa kutarajia malipo ni ya rajasi. Kipimo ni kilichomsukuma mtoaji, na hicho hakionekani kwenye picha za uzinduzi.

Tamasi ilikuwapo kwa wengine pia. Mwaka 2011 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilieleza kwamba wakaguzi wa hesabu waliiachia kampuni yenyewe kazi ya kupeleka barua za kuthibitisha salio benki. Gita inaita uzembe wa namna hiyo pramada.

Kwa wahalifu wengine mchanganyiko hubadilika. Aliyempasua mwenzake chupa ya kichwa akiwa chakari yuko karibu na tamasi, lakini hasira yenyewe, kwa sura ya 3, beti ya 37, huzaliwa na rajasi. Hapo swali zuri ni la sura ya 18: akili yake inalionaje tendo? Ya rajasi huchanganya haki na dhuluma: "nilikopa tu, ningerudisha." Ya tamasi hupindua kabisa: "alistahili."

Kuna dodoso la kupimia guna, la David Wolf, lenye kauli 56. Ukilipeleka gerezani, jihadhari na mambo mawili. La kwanza, msomi wa hesabu anajua jibu linalopendeza. Atajichora satwa tupu. La pili ni baya zaidi: kifungo chenyewe huleta usingizi, unyonge na kukata tamaa, kisha mpimaji anaviandika kama tamasi iliyosababisha kosa. Anza na kumbukumbu za kabla ya kukamatwa: mihutasari ya vikao, barua pepe, likizo ambazo hakuchukua kamwe. Mhasibu asiyekwenda likizo miaka 6 huenda si mchapakazi; huenda anaogopa mtu mwingine atafungua daftari.