Mchwa walivyonilia fremu ya mlango Chumbageni, Tanga

Jioni moja ya Aprili, mvua ya masika imekatika hivi punde, kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa, walianza kumiminika chumba cha watoto. Watoto wakashangilia, wakaweka beseni la maji chini ya taa ya barazani. Mama mkwe akatazama ukuta, akaniambia, "Mwanangu, hawa hawakuingia. Hawa wanatoka humu humu ndani."

Nikaigonga fremu ya mlango, ikalia kama debe tupu. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, rangi ikabonyea. Ndani mbao imekwisha, umebaki udongo.

Wa kwanza kumwita alikuwa kijana wa bomba la mgongoni. Shilingi elfu arobaini, nusu saa, nyumba nzima ikanuka. Mende walikufa kweli, hilo simnyimi. Ila dawa yenyewe alikuja nayo kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, nami nikanyamaza. Wiki ya tatu vile vijia vya udongo vikapanda tena ukutani, vibichi.

Safari ya pili nilipiga simu kwanza na kuuliza: dawa gani, imesajiliwa TPHPA (mamlaka ya viuatilifu, ile ya Arusha), na mchwa wakirudi mtarudi? Wawili walianza kubabaika. Wa tatu alijibu, akaja kukagua bila bomba. Ana tochi na bisibisi tu. Alizunguka nje muda mrefu mpaka nikachoka.

"Mama, maji ya kiyoyozi yanaishia wapi?"

Yalikuwa yanadondoka kwenye msingi, usawa wa mlango ule ule, mwaka wa pili huo. Pembeni yake tumeegemeza mbao zilizobaki kwenye ujenzi. Akasema hamwagi dawa hata tone mpaka mpira wa maji uhamishwe na mbao ziondoke, kwa sababu mchwa wa ardhini bila unyevu hawaishi, na sisi tunawanywesha. Nilikasirika kidogo, nikidhani ananizungusha. Tanga hii, ambako wakati wa masika nguo inalala kambani siku mbili, unyevu utaumaliza wapi? Lakini tukahamisha.

Siku ya kazi walichimba mfereji mwembamba kando ya msingi, wakatoboa matundu sakafuni kando ya ukuta kwa ndani, wakamimina dawa iliyochanganywa na maji. Lebo nilisoma mwenyewe: fipronili. Haikunuka. Fundi alieleza kwamba haiwafukuzi. Wanapita humo bila kujua, wanaambukizana hadi kwenye kiota. "Kwa hiyo mkiwaona wiki ya kwanza msinipigie kelele." Kisha akauliza kisima kilipo. Kipo nyuma ya jiko. Upande ule hawakumimina kitu, akatuachia kazi ya kuukagua wenyewe kila mwezi.

Laki tatu na themanini, pamoja na kurudi kukagua baada ya miezi mitatu, na risiti yenye jina la dawa. Iliniuma. Fremu mpya ya mninga iliniuma zaidi, na seremala bado alitaka kuipaka oili chafu, nikamwambia aiache.

Masika haya watoto waliweka beseni lao kama kawaida, likajaa. Safari hii kumbikumbi walitoka chini ya mwembe wa jirani. Namba ya fundi nimeshampa.