Hatua Mbili za Mwisho Kabla ya Bega

Nilipoanza kucheza raga katika shule ya sekondari nilikuwa na kilo 62, nami niliamini kwamba anayeweza kumwangusha mwenye mpira ni yule tu aliyemzidi uzito. Nilikuwa nikimsubiri mshambulizi nimesimama wima kama mlingoti, kisha najikuta chali nikitazama mawingu. Mkufunzi wetu hakunipeleka kubeba vyuma. Alinipeleka pembeni mwa uwanja, penye gunia lililojazwa vumbi la mbao, akaanza kunifundisha miguu.

Mkabaji humkimbilia mwenye mpira kwa kasi, lakini anapobakiza hatua mbili huzifupisha, hukunja magoti na kuukita mguu mmoja karibu kabisa na mpinzani, kwa sababu mikono ikitangulia miguu, mwili hubaki nyuma na nguvu za mapaja hazifiki begani. Macho hukitazama kiuno, maana kichwa na mabega hudanganya, ilhali kiuno huenda aendako mwenyewe. Kichwa hukaa ubavuni mwa mpinzani, kamwe si mbele yake (hapo ndipo wengi huumia shingo), bega likagonga, mikono ikafunga, na miguu ikaendelea kusukuma hadi wote wawili waanguke.

Kila ninapobishana na vijana kuhusu jambo hili, huwarudisha kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1995 nchini Afrika Kusini. Jonah Lomu, winga wa New Zealand, alikuwa na urefu wa mita 1.96 na uzito uliopita kilo 115, na katika nusu fainali mjini Cape Town aliifunga Uingereza trai nne (yaani mara nne aliugusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa goli lao), New Zealand ikashinda 45–29. Trai ya kwanza aliipata kwa kupita juu ya Mike Catt, beki wa mwisho wa Uingereza, kama mtu apitaye juu ya mkeka. Wengi wanaoitazama picha hiyo huona uzito. Mimi naona pia mita zote ambazo Lomu alikuwa ameachiwa azikimbie kabla ya kumfikia Catt.

Siku sita baadaye, katika fainali iliyochezwa Ellis Park, Johannesburg, Lomu huyo huyo hakupata hata trai moja. Waafrika Kusini walimfikia mapema kabla kasi yake haijakolea, wakamjia wawili au watatu kwa pamoja, na alipofanikiwa kupenya, Joost van der Westhuizen, aliyekuwa mwepesi kuliko yeye kwa kilo nyingi, alimwendea chini akamwangusha. Afrika Kusini ilishinda 15–12 katika muda wa ziada.

Sisemi kwamba vyuma ni bure. Ikifika dakika ya 70, mapaja yaliyochoka hukataa kukunjwa, mkabaji huinuka bila kujua, na mkono uliolenga kifua hutua shingoni, jambo ambalo sheria inalikataza na ambalo laweza kumpatia kadi nyekundu. Kuchuchumaa na chuma mabegani, pamoja na mazoezi ya shingo, humwezesha mchezaji kubaki chini hadi filimbi ya mwisho, na kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya nguvu katika kukaba.

Bega langu la kulia lilijifunza yote hayo. La kushoto halikujifunza kamwe, na mawinga wa timu pinzani waligundua hilo mapema kuliko mkufunzi wangu.