Nilivyowafundisha wanafunzi kuichukulia picha ya hadubini kama kipimo

Katika kozi ya hadubini ya mng'aro (inayoonyesha sehemu za seli zinazotoa mwanga zikimulikwa) ninayowafundisha wanafunzi wa uzamili, kazi ngumu kwangu ilikuwa kuwafanya waione picha kama kipimo. Wengi huja wakiwa hodari wa kupata picha ya kupendeza, lakini ukiwauliza kamera ilipokea mwanga kwa milisekunde ngapi hawana la kujibu, kwa kuwa walihifadhi JPEG peke yake, ambayo hupunguza data na mara nyingi huziacha nyuma taarifa za upigaji.

Nilianza na pikseli. Kamera ya biti 12 hutoa thamani kuanzia 0 hadi 4095. Sehemu ya seli iliyofika 4095 imegonga kikomo, na hakuna programu inayoweza kuirudisha tofauti iliyopotea hapo. Kwa hiyo kila mmoja hukagua kwanza histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa thamani za pikseli, kisha hutumia mpangilio uleule kwa sampuli ya jaribio na ya ulinganisho.

Zoezi lililozaa matunda zaidi ni la kubadilishana kazi. Kikundi hukabidhi kingine picha ghafi pamoja na maelezo ya mbinu, bila ruhusa ya kuulizana lolote, na wapokeaji hutakiwa kupata idadi ileile ya viini vya seli. Hesabu zikipishana, chanzo huwa ni sentensi kama "tuliweka kizingiti kinachofaa", yaani mtu alikadiria kwa macho ni mwangaza wa kiasi gani utenganishe kiini na mandhari ya nyuma. Wakitaja mbinu ya Otsu (inayochagua kizingiti kwa hesabu), toleo la ImageJ (programu ya kuchambua picha) na ukubwa wa chini wa kiini kinachohesabiwa, au, bora zaidi, wakiambatisha makro yenyewe, yaani faili la amri za uchambuzi, majibu hulingana. Hata hivyo, vikundi viwili vinaweza kulingana katika kosa moja, hasa viini vinapokuwa hafifu. Ndiyo maana baadhi ya picha huhesabiwa pia kwa mkono, na mtu asiyehesabu ndiye anayeficha majina ya mafaili.

Utafiti wa mwanabiolojia wa vijidudu Elisabeth Bik na wenzake wa mwaka 2016, uliokagua makala 20,621 na kukuta asilimia 3.8 zina picha zilizorudiwa isivyostahili, nauleta baada ya zoezi hilo. Mwanafunzi anayetishwa mapema huogopa kuonyesha kazi yake, nami nataka azoee kuionyesha. Sasa sisomi rasimu ya tasnifu isiyoambatana na picha ghafi na makro zake.