Kadude kanaitwa miR-375

Jamani leo kwenye semina nimenasa kwenye slaidi moja tu.

Mada ilikuwa maikroRNA, vile vipande vya RNA (ndugu yake DNA) vyenye herufi kama 22 hivi, havitengenezi protini yoyote, kazi yake kuziba jeni zingine mdomo. Sasa kwenye seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini ya kushusha sukari, kuna kamoja kanaitwa miR-375, kaligunduliwa 2004, kakizidi seli inabana insulini haiitoi vizuri, nikajisemea moyoni si wakaondoe tu yaishe?

Slaidi ikabadilishwa. Panya waliozaliwa bila hako kadude, seli za beta zimepungua, sukari iko juu!!

Yaani kakizidi balaa, kakikosekana balaa.

Nyie wa maabara, dozi ya kitu kama hiki mnaipimaje?