Mgeni niliyepewa jembe siku ya kwanza

Kazi yangu ya mwenyeji wa kambi, yaani mtu anayekaa kambini akiitunza na kuwaangalia watalii wanaolala hapo, ilianzia chooni. Bwana misitu wetu, ambaye kwa kweli alikuwa msichana wa rika la binti yangu, alinikabidhi funguo, mfagio, dawa ya kusafishia na katoni la karatasi za chooni. "Wageni wanasamehe mambo mengi," aliniambia, "lakini si choo kichafu." Vyoo vinne vya shimo, kila asubuhi, kabla ya watu kuamka.

Nilifikaje huko? Mume wangu alipostaafu tulinunua karavani iliyotumika, ile nyumba ya magurudumu, tukaamua kuizunguka Marekani tuliyoishi miaka mingi bila kuiona. Miezi mitatu tu, mafuta na ada za kambi zikaanza kuila pensheni. Rafiki akanielekeza kwenye tovuti ya serikali, volunteer.gov, ambako idara ya misitu, hifadhi za taifa na wasimamizi wa ardhi ya umma hutangaza nafasi za kujitolea. Mwenyeji wa kambi halipwi mshahara. Anapewa mahali pa kuegesha bure, na yeye anatoa saa zake. Sisi tuliahidi saa 24 kwa wiki kila mmoja, kuanzia katikati ya Juni, katika msitu wa taifa milimani Colorado.

Kabla ya kusaini uliza maswali ya kimaskini: maji yapo? Umeme je? Majitaka yanamwagwa wapi? Mimi niliona aibu kuuliza habari ya umeme, nikaishi majira yote kwa paneli ya sola juu ya paa. Uliza pia kambi inaendeshwa na nani, maana nyingine zimekodishwa kwa kampuni, na huko mara nyingi mwenyeji hulipwa. Na usishike hata ufagio kabla hujasaini mkataba wa kujitolea. Kwa karatasi hiyo, ukiumia kazini unahesabiwa kama mfanyakazi wa serikali kwa upande wa matibabu na fidia.

Kazi iliyonitisha zaidi ni ya kuwakanya watu. Mwenyeji hana mamlaka ya kutoza faini. Ana fulana, kofia na redio ya upepo basi, na simu huko hazishiki mtandao. Wiki ya pili, saa tano usiku, jenereta ya mtu bado inanguruma, na mwisho ni saa nne. Nikaenda na mume wangu, tukasimama mbali kidogo na meza yake, tochi nikaielekeza chini. Mdomo ukanitoka wenyewe: "Hodi!" Mzee yule akashtuka, akauliza nimesema nini. Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tunavyobisha, hata pasipo mlango. Tukaulizana alikotoka, mbwa wake anaitwaje. Jenereta aliizima kabla sijaitaja. Tangu usiku ule hodi ikawa ndiyo salamu yangu pale kambini: kwanza habari za safari, kisha mbwa asiye na kamba au chakula kilichoachwa mezani kumwita dubu. Aliyekataa kusikia, sikubishana naye. Nilirudi kwenye karavani nikaita kwa redio.

Waliokaa siku 14 nao walitakiwa kuondoka. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huku anaonyeshwa njia.

Aibu yangu kubwa ilikuwa majivu. Mimi niliyekulia jikoni, nikichochea kuni na kupuliza mkaa, ningefundishwa nini kuhusu moto? Utaratibu ni kumwaga maji, kukoroga, kumwaga tena, halafu kusogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu uhisi kama bado yana joto. Niliona ni mambo ya watoto wa mjini. Asubuhi moja nikayachota majivu ya kijivu, yaliyopoa kwa macho, nikatia kwenye ndoo ya plastiki, nikaendelea na safari. "Mama Salma, ndoo yako!" Baba Salma alipiga kelele. Kitako kilikuwa kimelegea kama ubani, makaa mekundu yanachungulia, na chini ni majani makavu ya misonobari. Tulimimina maji yote tuliyokuwa nayo, ya kunywa pamoja. Nikaripoti mwenyewe. Kesho yake nililetewa ndoo ya bati, bila maneno.

Mengine yalikuwa mepesi. Fedha sikuzigusa, mgeni anatia bahasha yake katika bomba la chuma langoni. Kilichonishinda ni maharage. Katika mwinuko wa mita 2,700 kutoka usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo unachemsha tangu adhuhuri, jua linazama na maharage bado yanagonga meno. Sufuria ya presha hatukuwa nayo.

Mwanzoni mwa Septemba nilirudisha funguo. Nilikuwa nimepita saa 250, zinazompa mtu wa kujitolea kadi ya kuingia bure mwaka mzima katika hifadhi na maeneo ya serikali kuu yanayotoza kiingilio. Yule msichana hakuanza na kadi. Alikwenda kwanza choo cha tatu, akafungua, akanusa, akafunga, ndipo akanipa.

Njiani kuteremka Baba Salma akaniuliza kama mwakani tutarudi.

"Tutarudi," nikamjibu. "Lakini chini kidogo, maharage yaive."